Waya kwenye Jeti ya Nyuma

Kazi yangu ni ya maabara. Kwa miaka kumi na tisa nimepima vinyesi, mikojo na makohozi ya watu wa Arua, na sijawahi kuziba pua. Mwenzangu kazini hula chapati huku akisubiri mashine imalize kuzunguka, nami simlaumu, kwa sababu kinyesi kilichofungwa kwenye kikopo chenye kifuniko na namba kinajua mahali pake. Kinachonichefua mimi ni uchafu usio na mahali: grisi kwenye kitasa cha mlango, oili kwenye mkono wa kikombe, mtu anayejifuta vidole kwenye suruali halafu anakupa mkono umsalimie. Basi Mungu, ambaye ana mizaha yake, akanijalia pikipiki kuukuu.

Niliipata kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa akijenga barabara huku kwetu, siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Ni ile aina ndefu na nzito, kiti kiko chini, miguu unaitupa mbele, usukani unakufuata mpaka kifuani, na injini ina silinda mbili, moja imeinamia mbele na nyingine nyuma. Umri wake unakaribia wangu. Mtaani kwetu, ambako kila pikipiki ni boda ya silinda moja, waliiita kochi. Walisema dakta amepita na kochi lake, maana hapa mtu yeyote anayegusa damu ya wenzake huitwa dakta. Niliipenda, sitadanganya. Niliipenda ikiwa imeoshwa, imesimama, nami nimekaa hatua mbili kutoka ilipo.

Kuifungua ndiko kulikonitia kinyaa. Mara ya kwanza nilipoondoa kifuniko cha chujio la hewa nilikuta panya, tena si mmoja, bali ukoo mzima. Walikuwa wamejenga kwa sufi ya godoro, wakazaa, wakafa, wakakauka, na injini ikawa inavuta pumzi kupitia mizoga yao kwa muda ambao sitaki kuukisia. Nilivaa glavu mbili kila mkono nikawatoa mmoja mmoja kwa kibanio. Tangi lilikuwa na kutu ndani. Nikatia changarawe safi na petroli kidogo, nikalitikisa uani mpaka mabega yakauma, na kilichomwagika kilifanana na maji ya kusuuzia nyama. Oili ya chini ilitoka nyeusi, ikinuka kama sufuria ya samaki iliyosahauliwa juani. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama, akasema kama ningeoga nyumbani kwa bidii ninayooshea takataka ile, tungekuwa watu wa peponi. Sikumjibu. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu ya harufu.

Lazima niseme harufu hii naijua tangu utotoni. Mama yangu yuko Koboko, na anauza petroli kando ya barabara, upande wa kutokea kwenda Midia, kwenye meza ya mbao iliyopangwa chupa. Sisi ni Wanubi. Wazee wetu waliletwa huku wakiwa askari, na walipokwisha kuwa askari wakawa wafanyabiashara, na mama alipofiwa na baba akaishika ile meza akaigeuza shamba lake. Petroli hiyo ilinisomesha. Lakini ilikuwa kwenye sare yangu ya shule, kwenye shuka, kwenye nywele za mama, na kwenye kisra, mkate wetu mwembamba, ambao ulikuwa na ladha yake hata ukiuchovya kwenye mchuzi wa bamia. Darasani walinikataza nisiketi karibu na dirisha la jikoni, wasije wakalipuka. Nadhani niliipenda maabara kwa ajili ya spiriti tu, ambayo ukiimimina huua kila harufu nyingine.

Mama anaijua petroli kama mimi ninavyoijua damu. Hudondosha tone kwenye kiganja, hunusa, husubiri likauke, kisha hukuambia kama limetiwa mafuta ya taa, na kwa kiasi gani. Madereva wa boda wa Koboko wanamheshimu kwa sababu hajawahi kuwauzia uchafu. Jina lake lote mjini limesimama juu ya meza ile. Kila Ijumaa nilikuwa ninaenda kwake na kochi langu, nasali msikitini kwao, nakula, nalala kidogo kwenye mkeka, halafu narudi Arua jua lingali juu.

Kitu kimoja tu kwenye pikipiki kilinishinda, nacho ni kabureta. Ziko mbili, moja kwa kila silinda, na ndani mlikuwa na utando wa petroli iliyooza, rangi ya kahawia, unaonata kama kamasi. Nilijaribu nikashindwa. Kwa hiyo nikampelekea fundi.

Fundi huyo alitoka Sudani Kusini. Alikuja na vita, Mkristo, mtu mrefu wa maneno machache, na vifaa vyake vilikuwa vimefungwa kwenye gunia la unga. Waendesha boda wa stage, kituo chao cha kungojea abiria, iliyo karibu na kliniki yetu walimpa nafasi chini ya bati lao, na kwa sheria yao yeyote anayeharibu pikipiki ya mtu anaondoka hapo siku hiyo hiyo; cheamani, mwenyekiti wao, hana mchezo. Kwa miaka miwili hakuna aliyemlalamikia. Bati lile lilikuwa shamba lake, nyumba yake na ada ya watoto wake, na hapakuwa na mtu stage asiyejua hivyo, mimi nikiwemo.

Siku ya Jumatano nilimpelekea kabureta zote mbili. Nilisimama juu yake kama mwalimu wa zamu. Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni kabla hajazigusa, akanawa. Akagusa spana, nikamwambia anawe tena. Akanawa tena, na nikaona anaficha kicheko begani. Alizisafisha vizuri kuliko nilivyosafisha kitu chochote maishani mwangu. Alinyanyua jeti mbili, vile vijiti vya shaba vyenye tundu dogo ambalo petroli hupitia kwenda kuungua, akaziinua kwenye jua ili nione mwanga upande wa pili. Niliona mwanga kwenye zote mbili. Hilo nililiona kwa macho yangu, na bado nikafanya nilichokifanya baadaye.

Ijumaa nilienda Koboko, pikipiki inanguruma kwa raha. Nikasali, nikala, nikalalamika kama kawaida yangu, nikalala, nikaondoka. Nikiwa nakaribia Aroi, njiani kurudi, nilipoifungua mafuta ipande mwendo, ikakohoa. Nikipunguza, inatulia. Nikiongeza, inakohoa na kulegea, na bomba la nyuma likaanza kugeuka rangi ya bluu kwa joto. Nilifika nyumbani kwa mwendo wa punda, boda za mizigo zinanipita zikipiga honi.

Jumamosi nikatandika turubai uani, nikavaa glavu, nikaifanyia kama ninavyomfanyia mgonjwa. Maabara haikisii. Unabadilisha kitu kimoja, unaangalia, unaandika, ndipo unabadilisha kingine. Nikafungua plagi. Ya mbele ilikuwa rangi ya chai, ishara ya afya. Ya nyuma ilikuwa nyeupe kama majivu, ukingo umeanza kuliwa. Nikazibadilisha mahali, nikazunguka nayo mtaa. Nikazifungua tena, na ugonjwa ulikuwa umebaki kule kule nyuma. Basi haikuwa plagi. Nikapima cheche, ziko sawa. Nikapaka maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini ili nione kama unavuta hewa ya wizi, haukuvuta. Nikafungua mpira wa tangi juu ya kikopo cha kupimia, petroli ikatiririka safi. Silinda ya nyuma ilikuwa na hewa na ilikuwa na moto, lakini ilikuwa inakufa njaa, na petroli ilikuwa imefika mlangoni pake.

Kabureta ya mbele kwenye pikipiki hii imejificha upande wa kulia, nyuma ya chujio la hewa. Ya nyuma iko wazi upande wa kushoto, na chini yake kuna nati ambayo ukiifungua unaiona jeti hapo hapo, bila kuvua kitu kingine. Nikaifungua. Petroli ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, nikalaani, nikaitoa jeti nikaiinua juani. Tundu lilikuwa na waya.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kuona waya wa namna hiyo. Kila mtu aliyekulia kando ya barabara zetu anaujua. Miaka petroli ilipokuwa adimu, watu walichukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, wakaupitisha kwenye tundu la jeti na kuukunja usianguke. Tundu linakuwa jembamba, pikipiki inakunywa kidogo, chupa moja inakufikisha ulikokuwa ukifika kwa chupa mbili. Boda ndogo inayokwenda pole pole huvumilia. Injini kubwa kama yangu hujipika yenyewe mpaka pistoni itoboke. Waya wangu ulikuwa umekunjwa kwa nje mizunguko mitatu midogo, safi, kama mtu aliyekuwa na nafasi na subira. Niliutazama nikasikia kichefuchefu kilichopita kile cha panya. Panya hawakujua wanachofanya.

Nani aliigusa kabureta? Fundi. Lini? Jumatano. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiona nina akili sana. Mtu niliyemwamini ameniwekea waya ili nirudi kwake nikilia, au kwa mazoea tu, kwa ule uchafu wa kazi usiotofautisha injini kubwa na boda ndogo. Ijumaa sikuihesabu kabisa. Ijumaa nilikuwa kwa mama.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, nikaenda stage. Kulikuwa na waendesha boda kama kumi na watano, wanaosha pikipiki, wanakunywa chai, ardhi nyeusi kwa oili, maganda ya miwa kila mahali. Nilikuwa nimeuweka waya juu ya karatasi nyeupe, kama sampuli. Nikamwekea fundi mbele ya pua nikamuuliza ni nini.

Akaushika kwa vidole viwili. Akaugeuza. Akautazama muda mrefu, hasa ile mizunguko mitatu, kisha akaurudisha juu ya karatasi taratibu, akainama. Hakusema neno. Mimi nikasema kwa niaba ya wote wawili. Nilisema mengi, na mengine siyakumbuki, lakini hili nalikumbuka kwa sababu nililisema kwa sauti na watu wakanyamaza.

"Nyinyi mnakuja hapa na njaa yenu," nilimwambia, "mnaiingiza mpaka kwenye injini za watu."

Aliinua macho mara moja, akayashusha. Cheamani akamuuliza kama ni yeye aliyesafisha kabureta za dakta. Akasema ni yeye. Akamuuliza kama waya ule ni wake. Hapo akanyamaza tena, na kunyamaza huko, kwa sisi wote tuliokuwa pale, kulikuwa ni kukiri. Cheamani akamwambia afunge vifaa vyake. Akavifunga kwenye gunia lake, akalining'iniza begani, akaondoka bila kugeuka. Mimi nikaenda kazini, nikanawa mikono, na siku nzima nilijisikia kama mtu aliyefagia uwanja.

Pikipiki bila waya ikawa nzima. Ijumaa ikanipeleka Koboko kwa pumzi moja. Nilifika nikampa mama salamu zake, nikala, na kabla ya kuondoka akaja kunijazia tangi kwa mkono wake, kama afanyavyo siku zote, faneli na kitambaa cha kuchujia. Akamimina chupa moja, akamimina ya pili, akamimina ya tatu. Akasimama. Akaniuliza kwa Kinubi, bila hasira, ni nani ametoa uzi wake.

Sikumwelewa. Akainama, na magoti yake yana maumivu, akanionyesha nati iliyo chini ya kabureta ya kushoto. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni akatoa kipande cha waya wa umeme alichokimenya, akavuta uzi mmoja wa shaba, akaukunja mbele yangu: moja, mbili, tatu. Mizunguko mitatu ili mwenye pikipiki akitaka kuutoa auvute kwa ukucha, asikwaruze shaba. Aliwawekea madereva aliowapenda, tena bure. Ijumaa iliyotangulia, nilipolala kwenye mkeka, alichukua spana yake akaniwekea na mimi. Hakujua kwamba upande wa pili kuna kabureta nyingine. Kwake yeye injini ni moja, na mdomo wake ni mmoja.

Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu ilikuwa mbaya, na naikumbuka kwa kinyaa.

"Ulisema inakunywa sana," alisema. "Ulisema labda utakuwa unakuja mara moja kwa mwezi."

Nilikuwa nimesema hivyo. Nilisema huku natafuna, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Nikafungua mdomo nimwambie nusura aniue, kwamba pistoni ingekwama nikiwa mwendoni, kwamba siku hizi chupa ziko kila mahali na miaka ile imepita. Mteja akaja na boda yake, akamwamkia kwa adabu akimwita mama, na mama akageuka akamhudumia akitabasamu. Nikafunga mdomo. Nikapanda pikipiki nikaondoka, na njia nzima nilikuwa naliona gunia la unga likiondoka chini ya bati.

Mtu mzima angeenda siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa siku tano. Nilijiambia fundi hodari hakosi kazi. Nilijiambia huenda amepata mahali pazuri zaidi. Nilipita stage kila asubuhi nikitazama upande wa pili wa barabara, na kila aliyeniamkia, dakta habari ya asubuhi, nilimwona ananitemea. Kazini nilimwaga sampuli mbili, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Mwishowe nikamuuliza muuza miwa, akaniambia yule mtu wa Sudani sasa anakaa nje ya mji, barabara ya kwenda Aroi, kando ya njia tu, hana bati wala kivuli.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe karibu na rundo la mihogo ya mtu, anaziba mpira wa baiskeli. Baiskeli, fundi aliyezinyanyua jeti zangu juani. Gunia lake lilikuwa chini, limelowa umande. Hakusimama wala hakuonyesha chuki. Nikamwambia waya haukuwa wake. Nikamwambia nimejua, nimekosa, anisamehe. Nilisema haraka haraka, kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu ila mwenye mihogo.

Akamaliza kukwangua mpira wake kwanza.

"Dakta," alisema, "wewe nitukana mimi kule, mbele ya watu yote. Sasa wewe naomba samahani huku, iko wewe na mimi tu. Hiyo iko samahani gani?"

Nikamwomba apande nyuma ya pikipiki. Akakataa, akachukua gunia lake, akaenda kwa miguu, na mimi nikalazimika kusukuma lile kochi kando yake mpaka mjini, maana ningeona aibu kumtangulia nikiwa nimepanda. Ni mwendo mrefu na pikipiki ni nzito. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu, na nikawa nanuka kama vitu vyote ninavyovichukia.

Stage walikuwepo karibu wote. Nikasimama pale pale niliposimama Jumatatu ile, nikawaambia kwamba fundi huyu hakuweka waya, kwamba nilimsingizia, na yale maneno ya njaa niliyoyasema yalikuwa machafu na ni yangu mimi. Wengine walisikiliza, wengine waliendelea kusugua magurudumu yao. Nilipomtukana walinyamaza wote.

Cheamani akaweka kikombe chini.

"Kama si yeye," aliuliza, "basi nani?"

Nilikuwa sijajiandaa kwa swali hilo, mjinga mimi, ingawa ni swali ambalo mtoto angeliuliza. Nusu ya watu wale huenda Koboko kila wiki. Wanamjua mama. Wananunua kwake. Nikisema jina lake, kabla ya jua kuzama barabara yote itakuwa inacheka: mama wa dakta alitaka kuua injini ya mwanawe, usimwache akaikaribia pikipiki yako. Na meza ile ndiyo kitu chote alicho nacho. Nikatazama chini, kwenye maganda ya miwa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliuweka mwenyewe, nikasahau."

Wakacheka. Cheamani mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Mmoja akasema dakta anayeshika plagi kama anashika mjusi ndiye aingize waya kwenye jeti? Mwingine akasema dakta anasahau mpaka mkono wake mwenyewe. Niliona wanaanza kunitazama vibaya, maana mtu anayeomba radhi kwa uongo ni mchafu kuliko asiyeomba, na swali lilikuwa linarudi: basi nani?

Fundi akaweka gunia lake chini ya bati, mahali pake pa zamani.

"Yeye nasema iko yeye," alimwambia cheamani. "Basi iko yeye. Hii maneno imekwisha. Nani iko na pikipiki ya kutengeneza?"

Watu wakatawanyika. Cheamani akanitazama kidogo zaidi ya nilivyopenda, halafu akapaza sauti kwamba boda yake inavuja oili tangu juzi na hakuna mtu wa maana wa kuitazama. Fundi akaketi, akafungua vifaa vyake akavipanga juu ya gunia, spana ndogo mpaka kubwa. Nikachuchumaa karibu naye. Nilikuwa na jambo moja lililokuwa linanila tangu Koboko.

Nikamuuliza, siku ile nilipomletea waya kwenye karatasi, kwa nini hakujitetea. Angesema si wangu, tu. Maneno mawili.

Alitazama kama kuna mtu karibu. Hakukuwa na mtu.

"Mimi najua ile waya," alisema. "Mara tatu inazunguka. Pikipiki mingi ya Koboko iko nayo, mimi natoa kila siku. Dereva ya kule naniambia, iko ya mama yako."

Alikuwa ameujua pale pale, akiwa ameushika kwa vidole viwili, huku mimi namwambia juu ya njaa yake. Angesema si wake, cheamani angemuuliza kama anamjua mwenye waya, naye ni mtu asiyejua kudanganya. Ndiyo maana alinyamaza. Aliinama, akaacha bati lake, akaacha ada ya watoto wake, akaenda kuziba baiskeli juani, kwa ajili ya mwanamke ambaye alimjua kwa waya wake tu, na mwanamke huyo hakuwa mama yake. Nilijichukia kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa panya, wala kwa kamasi ya kabureta, wala kwa kinyesi cha mtu yeyote.

"Ungeniambia baadaye," nikasema. "Peke yetu."

"Wewe ilikuwa na hasira. Mutu iko na hasira, unamwambia juu ya mama yake? Anaenda kumwambia mama maneno mbaya." Alichukua spana akaanza kufungua nati ya boda ya cheamani, bila kunitazama. "Sasa hasira imetoka. Mwambie hii pikipiki yako iko na kabureta mbili, yeye hajui. Lakini mwambie pole pole, dakta. Na usimwambie kama mteja iko pale."